Mke wa Baharia na Rafu ya Safari

Shangazi yangu alipiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda mazikoni, saa tano kwa basi, akarudi kesho yake. Mtu wa dunia alikuwa mumewe. Alifanya kazi katika meli za mizigo: anaondoka miezi tisa au kumi, anarudi na sanduku linalonuka dizeli na sabuni ya kigeni, anakaa wiki sita, anaondoka tena. Mtaa mzima ulimwita Baharia. Akipita dukani, watu wazima walimpisha kwenye benchi. Shangazi naye alitaniwa: "Mwenzio kazunguka dunia, wewe wazunguka kitanda cha mgonjwa." Alicheka nao. Utani wa mtaani ukiununia, unaongezewa chumvi.

Mimi ni binti wa kaka yake. Nyumba yangu na yake zinagawana ukuta mmoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe huku akinikunjia nguo za wanangu, maana shangazi hawezi kuiona nguo imelala ovyo akainyamazia.

Kazi yake ilikuwa nyuma ya hospitali, katika chumba kirefu chenye sakafu ya saruji na madirisha ya juu. Mashine ya pasi ilikuwa na roli mbili nene zilizovishwa kitambaa, moto ukipita ndani yake. Yeye alisimama upande mmoja akiingiza shuka bichi, amelivuta pembe zote mbili lisijikunje. Upande wa pili alisimama shoga yake, mwanamke mrefu ambaye kila mtu alimwita Twiga, akilipokea shuka likiwa kavu na la moto. Kisha walikutana katikati, pembe kwa pembe, wakalikunja, wakarudi nyuma, wakakutana tena. Mashuka mia tatu kwa zamu, mbali na foronya. Mvuke ulijaa chumbani mpaka ukamwona mwenzio kama mtu wa ndotoni, mikono tu inakuja na shuka jeupe, kisha inapotea.

Ukifanya kazi ya namna hiyo, mikono hujua yenyewe, kichwa kikabaki hakina mwenyewe. Kichwa cha shangazi kilikwenda kwa mumewe.

Barua za Baharia zilikuwa fupi kama risiti. "Sisi wazima. Tuko bandarini. Mvua inanyesha. Kesho tunaondoka." Stempu ilisema mengi kuliko barua: mlima wenye theluji, ndege mwenye mdomo mwekundu, daraja lililopinda kama upinde. Shangazi alizichovya bahasha kwenye maji ya uvuguvugu, akazibandua stempu, akaziweka ndani ya kopo la biskuti. Mumewe aliporudi, alimtolea moja baada ya nyingine.

"Hapa palikoje?"

"Bandari ni bandari, mke wangu."

"Na watu wake?"

"Watu ni watu."

"Mlikula nini?"

"Mpishi wetu ni yuleyule."

Ilikuwa kama kuuliza ukuta habari za jirani. Na hakuwa mtu mkali wala mwenye kiburi. Alimtengea maji ya kuoga, alimshonea viatu, alimletea vitambaa vizuri. Ila ukimgusa habari za kule alikotoka, alijifunga kama kombe.

Siku moja, zamu ilipokwisha saa nane mchana, mvua ilimkuta shangazi njiani, naye akajibanza kwenye mlango wa maktaba. Alikuwa amepita mlango ule miaka na miaka bila kuingia. Mkutubi, mwanamume mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alimwona anadondosha maji akamkaribisha ndani.

"Unatafuta kitabu gani, mama?"

Shangazi aliona haya kusema amejikinga mvua. Mkobani mlikuwa na bahasha iliyofika asubuhi ile. Akaitoa.

"Nataka kitabu cha mahali alipo mume wangu."

Mkutubi hakucheka. Aliikagua stempu, akausoma muhuri wa posta, akaenda mpaka ukutani kwenye rafu iliyoandikwa SAFARI, akarudi na kitabu chenye jalada la kijani lililochakaa pembeni. Kiliandikwa na mwanamke aliyekwenda katika nchi ile peke yake kwa treni.

"Kina miaka arobaini hiki," alimwonya. "Sina hakika kama mji bado uko hivyo."

"Hata mume wangu sina hakika kama bado yuko hivyo," shangazi akajibu.

Alikisoma kwa wiki mbili. Mwanzoni, alivyoniambia, hakuwa anasoma, alikuwa anatafuta. Kila mwanamume aliyepita gatini na begi begani alimdhania ni Baharia. Alijua vizuri kwamba kitabu kiliandikwa mumewe akiwa bado hajajua hata kufunga kamba za viatu, lakini moyo hauhesabu miaka. Yule mwandishi alifika katika mji ule alfajiri, ukungu umetanda mtoni, akaona mwanga mmoja tu dirishani, ghorofa ya tatu, na kivuli cha mtu anayechana nywele. Shangazi alikaa na dirisha lile kichwani siku nzima. Aliingiza mashuka kwenye roli, na kila shuka lilipotoka upande wa pili lilitoka na ukungu wake.

Kisha akasahau kutafuta. Alirudi maktaba akachukua kingine, na kingine. Alivuka jangwa na mzee mmoja mgomvi aliyegombana na ngamia wake kurasa mia mbili. Alipanda mlima na daktari aliyeogopa vilele. Alikaa majira yote ya baridi na mume na mke katika kibanda cha mbao, theluji imeziba mlango, na wale watu wawili hawakuwa na la kuongea isipokuwa paa linavyolia. Alianza kuwajua waandishi kama unavyowajua majirani: huyu mwongo kidogo, huyu mbahili wa maneno, huyu anajipenda, huyu ana huruma. Na aligundua jambo juu yake mwenyewe. Mwandishi akifika salama, kwa wakati, akapokewa na kuandaliwa kitanda, yeye hupiga miayo. Akipotea njia, akakosa treni, akajikuta kwenye kituo kidogo hajui neno hata moja la wenyeji, hapo shangazi huamka. "Mtu akishapotea," aliniambia, "ndipo anaanza kuangalia."

Kazini Twiga aliuliza kabla ya salamu: "Leo tuko wapi?"

"Jangwani. Siku ya nane. Maji yamebaki kiriba kimoja."

"Basi usinisemeshe, koo limekauka."

Walikunja. Wakakutana pembe kwa pembe.

"Na yule ngamia?"

"Kakataa kusimama."

"Ana akili kuliko sisi," Twiga akasema, akaenda kuchukua rundo jingine.

Hivyo ilikuwa miaka kumi na moja. Shangazi hakuwahi kumwambia mumewe kwamba anasoma. Hakuwa anaficha, ila likizo yake ilikuwa fupi, na vitabu vilikuwa vya siku za upweke.

Kisha Baharia akastaafu. Alirudi na sanduku lilelile na masikio mabovu. Kelele za injini zilikuwa zimemla usikivu mpaka ukimwita ulazimike kumgusa bega. Aliweka kiti karibu na dirisha la sebuleni, akatandika gazeti mezani, akaanza kufungua saa na redio za mtaa mzima na kuzisafisha, kifaa kwa kifaa. Shangazi alifurahi kama bibi harusi. Sasa mtu amekaa, alijiambia, sasa atasema. Miezi mitano ikapita. Aliyesema zaidi mle ndani ilikuwa redio.

Ndipo akaanza kumchokonoa kwa vitabu. Alikaa mbele yake mchana, ili amwone midomo, akamwuliza kwa sauti ya juu: ule mji wenye ngazi mia mbili kutoka gatini mpaka kanisani, na kule juu kuna mtu anauza ndege kwenye vitundu, aliupenda?

"Mzuri," Baharia akasema bila kuinua uso.

"Ulizipanda zile ngazi?"

"Nilipanda."

"Na wauza ndege bado wapo?"

"Wapo. Wengi."

Shangazi akafurahi. Siku ya pili akauliza juu ya soko la samaki la mji mwingine, ya tatu juu ya treni ya juu ya mapaa. Baharia aliviona vyote, akavipanda vyote, vyote vizuri. Ila majibu yale yalikuwa membamba kama uji wa maji. Mtu aliyepanda ngazi mia mbili hukumbuka magoti yake. Hakusema goti. Siku ya nne, shangazi akiwa na kitabu mapajani, aliuliza pole pole:

"Na wale ndovu wanaobeba barafu sokoni, kule kaskazini. Uliwaona?"

Baharia alipuliza vumbi kwenye tumbo la saa. "Niliwaona. Wakubwa kweli."

Shangazi akafunga kitabu.

"Hakuna ndovu kule, bwana wee. Nimewatunga mimi sasa hivi."

Aliniambia kwamba alisikia saa nne zikigonga mezani, kila moja na wakati wake. Na katika kichwa chake, kilichozoea kusafiri, zilipita safari mbaya: mwanamke mwingine, nyumba nyingine, watoto wenye pua ya Baharia katika mtaa asioujua.

"Miaka ishirini na tatu," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Baharia aliweka bisibisi chini. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kitabu chake cha ubaharia, kile chenye mihuri ya bandari. Akakiweka mezani. Mihuri ilikuwepo yote, nchi kwa nchi. Hakuwa amedanganya hata bandari moja.

"Nilikuwa chini," akasema.

"Chini wapi?"

"Chini ya meli. Chumba cha injini. Mimi ni mtia mafuta, mke wangu. Natia mafuta, nasafisha vichujio, nasoma vipimo. Meli ikifika, wa juu wanashuka mjini, sisi wa chini ndipo kazi inaanza, kwa sababu injini haifunguliwi baharini. Tunamaliza, tunaoga, tunalala kama maiti. Nikiamka tumeshaondoka." Alihesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayekiri mbele ya hakimu. "Nimetoka nje ya lango la bandari mara kumi na moja. Mara saba zilikuwa kwa daktari wa meno."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niliporudi mara ya kwanza, kibaraza kilijaa watu. Unakumbuka? Walikaa mpaka kwenye ngazi. Wakaniita Baharia. Ningewaambia nini, nimeona bomba?"

Shangazi hakulia wala hakucheka. Siku tatu alisema naye maneno ya lazima tu: chai hii, mlango unagongwa, betri zimefika. Siyo uongo uliomuuma, aliniambia. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa neno moja moja, ndiyo, wapo, nilipanda. Kilichomuuma ni kwamba miaka yote ile alimwonea wivu. Alimwazia juu ya madaraja, kwenye masoko, akinunua chungwa kwa mtu asiyejua lugha yake, kumbe mwenzake alikuwa katika chumba cha joto na kelele kisicho na dirisha. Kama yeye tu. Wawili wote katika mvuke, huku na kule, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeona jua.

Twiga ndiye aliyemfungua. Walikuwa wanakunja mashuka ya wodi ya wazazi, shangazi kamweleza yote, na Twiga akanyamaza pembe mbili nzima, jambo lisilo la kawaida yake.

"Sasa shoga," akasema mwishowe, "kati yenu nyinyi wawili, nani amefika kule?"

"Kule wapi?"

"Kwenye ngazi mia mbili. Kwa wauza ndege."

Shangazi akafikiri. "Mimi."

"Basi mpeleke mwenzio."

Alasiri ile alikuja na kitabu cha jalada la kijani. Akaondoa saa mezani moja moja, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Kaa vizuri," akamwambia. "Nakutoa nje ya lango."

Akasoma. Na kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa kiziwi nusu, alisoma kwa sauti ya mnadani, na sisi upande wa pili wa ukuta tukasoma naye tupende tusipende. Mwanzoni nilikereka. Wiki ya pili nikajikuta nimesimama jikoni na mwiko mkononi, sikorogi chochote, nangoja kusikia kama yule mwanamke ataupata mwavuli wake. Mume wangu alianza kuchelewa kurudi dukani baada ya chakula cha mchana kwa sababu treni ilikuwa haijafika. Siku moja shangazi aliposhusha sauti kwa uchovu, mume wangu aligonga ukuta: "Shangazi, samahani, rudia hapo kwenye mpaka! Walimkamata au hawakumkamata?"

"Wamemkamata!" shangazi akajibu kwa sauti. "Kesho!"

Baharia alisikiliza amefumba macho, mikono juu ya meza. Mpaka walipofika mahali ambapo mwandishi anasimama gatini asubuhi ya baridi, akitazama meli za mizigo zimepangwa, na anaandika kwamba bahari ilikuwa ya kijivu na imelala. Hapo Baharia akafumbua macho.

"Hapo bomba linatoka jasho," akasema.

"Bomba gani?"

"La maji ya kupozea injini. Maji yanavutwa kutoka baharini, yanapita ndani, yanatoka. Bomba liko kimo cha kifua, karibu na ngazi. Kila zamu nilikuwa naweka kiganja." Alinyoosha mkono wake hewani, vidole vimetawanyika, kama mtu aliyesimama mbele ya bomba lenyewe. "Chumba kina joto la tanuru, lakini tukiingia bahari ya kule linakuwa baridi mpaka linatiririka maji kwa nje. Nahodha hajatangaza chochote. Mimi najua tumefika."

Shangazi aliweka kitabu chini. Alijua, aliniambia, kwamba akipumua vibaya tu yule mtu atajifunga tena. Akauliza kwa upole kadiri ya mtu anayepaswa kupiga kelele:

"Na zile bahari nyingine?"

Siku iliyofuata alikwenda maktaba kuomba atlasi, ile kubwa isiyoazimwa. Mkutubi aliposikia ya nini, aliifunga ndani ya sweta lake la akiba akampa. Waliitandaza juu ya meza, na Baharia akaanza kusafiri kwa kiganja. Hapa, akasema, bomba ni kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Hapa mikondo miwili inakutana, zamu ya asubuhi ni la vuguvugu, zamu ya jioni limepoa, na wakubwa juu hata hawana habari. Hapa kuna mto mkubwa unaomwaga maji baharini, vichujio vinajaa matope na majani. Aliwahi kutoa jani moja zima, la kijani, kubwa kama sahani, na hawakuwa wameona nchi kavu kwa siku mbili. Alilikausha akaliweka chini ya godoro mpaka likavunjika. Hapa maji yana kitu kama maziwa. Hapa, usikurupuke, mke wangu, hapa nyangumi wanaimba, na chuma cha meli kinasikia. Alikuwa hajaharibika masikio bado. Alilaza kichwa ukutani, akidhani mtambo umepata hitilafu, akamwita fundi mkuu, na fundi mkuu akalaza kichwa naye, wakasimama hivyo wanaume wawili wenye grisi mpaka viwikoni, wakisikiliza.

"Vitabu vyote vile nilivyosoma," shangazi aliniambia, "na hakuna hata kimoja kilichonieleza kwamba bahari ina homa na ina baridi yake."

Wakaendelea hivyo, yeye akisoma nchi, Baharia akijaza maji. Waliishi namna hiyo miaka minne, na sijawahi kuona nyumba yenye shughuli nyingi kama ile ya watu wawili waliokaa kitako.

Shangazi alipostaafu, wenzake wa chumba cha kufulia walimwandalia zawadi. Wengine hupewa saa ya ukutani. Twiga alisimama mbele ya mashine ya pasi iliyozimwa, akasema kwamba huyu mwanamke amewatembeza bila kuchoka, na wao wameona aibu. Akampa bahasha. Ndani mlikuwa na tiketi mbili za meli ya abiria, siku mbili kwenda bandari ya nchi jirani na siku mbili kurudi.

Baharia alipiga viatu rangi tangu wiki moja kabla. Shangazi alichukua kitabu, kalamu na daftari jipya, maana alikusudia kuandika kila kitu kama wenzake walivyoandika: rangi ya maji, sura za abiria, upepo. Nilikwenda kuwaaga. Walisimama sitahani wakipunga mikono, yeye kavaa kofia ya mumewe.

Hawajatoka nje ya mlango wa bandari, shangazi akapatwa na kichefuchefu. Bahari ilikuwa shwari, watoto wanakimbizana sitahani, lakini yeye aliteremshwa chini ameshikwa kwapani huku na huku. Chumba chao kilikuwa cha chini kabisa, kidogo, hakina dirisha, kitanda kimepakana na ukuta wa chuma, na nyuma ya ukuta injini inanguruma. Alilala hapo siku mbili zote na ndoo ubavuni. Kalamu haikufunguliwa.

Na Baharia, ambaye alikuwa mtu wa majini miaka ishirini na tatu, hakuweza kuondoka juu. Alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili na kutazama. Kila baada ya nusu saa alishuka mbio kwenye ngazi, uso umelowa chumvi, akapiga magoti kando ya kitanda. Hakungoja aulizwe.

"Mke wangu, maji yana rangi tatu! Karibu na meli kijani, halafu bluu, halafu kule mwisho kama wino. Na mstari kabisa, kama mtu kapiga rula."

Alimpa maji, akapanda. Akashuka.

"Kuna samaki wanaruka. Nilijua wapo, walikuwa wanaokotwa sitahani, lakini sikujua kwamba wanaruka *pamoja*, wanageuka pamoja, kama mashuka yenu mkiyakung'uta."

Akapanda. Akashuka.

"Meli ya mizigo imepita karibu. Nimewapungia. Hakuna mtu juu. Wako chini wote." Alijifuta chumvi usoni. "Nimewapungia hivyo hivyo."

"Wahenga walisema aliye juu mngoje chini," shangazi akanong'ona, macho yamefumba. "Nakungoja. Nenda."

Aliniambia kwamba hajawahi kuwa mgonjwa kama siku zile, wala hajawahi kuwa na raha kama ile. Injini iligonga ndani ya mbavu zake. Aliweka kiganja ukutani. Chuma kilikuwa na uvuguvugu na kilitetemeka kama ubavu wa mnyama aliyelala, na yeye akawa anaelea kati ya usingizi na macho, akijua kwa mara ya kwanza jinsi miaka ile ilivyokuwa kwa mumewe, huku sauti ya mumewe ikishuka ngazini na kumletea dunia kipande kwa kipande. Asubuhi ya siku ya pili alikuja bila maneno. Alikaa kwenye kona ya kitanda. Alikuwa ameona jua likitoka majini. Ameishi baharini robo ya maisha na zaidi, na hajawahi kuliona.

Walifika saa nne asubuhi. Shangazi aliinuka kitandani, wakatoka langoni wameshikana mikono, wazee wawili waliovaa nguo zao nzuri. Mji ulikuwa mji: duka la ndoo na mabeseni, kinyozi, mbwa amelala katikati ya njia na magari yanamzunguka. Hawakuwa na ramani. Walipofika njia panda Baharia aliuliza waende wapi, na shangazi akachagua upande ambao haukuwa na kibao. Walipotea saa sita nzima, wakarudishwa gatini na mama mmoja aliyeuza vifungo, ambaye hawakuelewana naye neno lolote isipokuwa jina la meli. Kurudi nyumbani bahari ilichafuka, na shangazi hakuumwa hata kidogo. Hakuna aliyejua sababu.

Baharia aliishi miaka sita baada ya safari ile. Watu walipokuja kibarazani aliwaeleza juu ya bomba, bila haya, na watoto walimfuata kutaka kusikia habari za nyangumi na fundi mkuu. Alifariki mchana mmoja, kwenye kiti chake cha dirishani, atlasi iko wazi mezani. Mkutubi aliyekuja baada ya yule wa sweta hajawahi kuidai.

Shangazi sasa ana miaka sabini na tisa. Twiga humtembelea kila Alhamisi, wanakaa wakigombana kuhusu ngamia. Bado anaazima vitabu, na mume wangu bado huacha dirisha wazi. Lakini wageni wanaokuja kwake siku hizi hawaombi kusomewa. Wanataka habari za ile safari ya meli. Naye hujiweka sawa kitini, anafumba macho, anaanza: maji yalikuwa na rangi tatu, karibu yetu kijani, halafu bluu, na kule mwisho wino, na samaki, mwanangu, waliruka wakageuka wote pamoja. Anaeleza jinsi upepo ulivyomchapa usoni na jinsi jua lilivyochomoza likamtia kiwi. Nami, ninayejua kwamba alikuwa chini amelala na ndoo ubavuni, namjazia chai na simkatizi.